Fundi wa picha za zamani, Kiponda: alichokitengeneza na alichokataa kukigusa

Duka halina jina. Juu ya mlango pana kibao kilichoandikwa kwa mkono, "Picha za zamani hutengenezwa", na chini yake kwa herufi ndogo, "Picha za pasi hatupigi." Liko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani kabisa, kwenye uchochoro ambao hata vespa huingia kwa kuomba njia. Ukipotea, muulize muuza kahawa yeyote "kwa fundi picha", atakuonesha.

Naandika kwa urefu kwa sababu jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na wengine walioko Maskati na Dubai, huniuliza kila mara wapeleke wapi picha za wazee wao, na jibu la maneno mawili haliwatoshi. Tena nimeona picha nyingi za wazee wetu zikiharibiwa na watu wenye nia njema kabisa, huku wenyewe wakishukuru na kulipa. Nampa fundi huyu nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaieleza imekwenda wapi.

Picha niliyoanza nayo ni ile ninayoipenda kuliko zote. Ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa: bibi yangu mzaa mama amekaa kwenye benchi la Forodhani, mama kasimama nyuma yake, dada yangu na mimi tumevalishwa magauni ya sikukuu, na pembeni kuna mtoto aliyekatwa nusu na ukingo wa karatasi. Nyuma yetu, jumba la kale la Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa. Kwa miaka mingi picha hii ilitundikwa nyumbani kwetu Kikwajuni, kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ndani ya fremu yenye kioo. Masika yakaja na kupita, unyevu ukaingia, karatasi ikagandana na kioo. Kona ya juu kushoto imeliwa na ukungu. Mkwaruzo mmoja umeshuka kutoka angani hadi begani kwa dada.

Kabla ya kufika Kiponda ilipita kwenye duka jingine mjini, ambalo sitalitaja. Kijana wa pale aliipiga kwa simu, akaiingiza kwenye programu ya akili mnemba, na kabla sijamaliza kujipepea akanipa picha inayong'aa. Bibi alikuwa na ngozi isiyo hata doa, nyusi zimechongwa, macho yana mwanga wa taa ambayo siku ile haikuwapo Forodhani. Kwenye pindo la kanga ya mama, ambako kwenye karatasi husomeka WEMA HAU na kinachofuata kimemezwa na mkunjo, palikuwa na alama zinazofanana na herufi lakini si za lugha yoyote ya binadamu. Mnara ulikuwa umezidishiwa madirisha, na saa yake haina akrabu. Dada yangu aliitazama, akauliza, "Huyu ni nani?" Aliuliza kweli, kwa sababu alikuwa hamjui.

Ifahamike programu zile zinafanya nini. Hazifuti uchafu kama tunavyodhani. Zimefunzwa kwa mamilioni ya picha za watu wengine, kisha zinaichora yako upya kwa kukisia, na kila penye shaka hujaza kile kilicho cha kawaida zaidi kati ya vyote zilivyowahi kuona. Bibi yangu hakuwa wa kawaida. Aliugua ndui utotoni, na mashavu yake yalibaki na vishimo hadi siku tuliyomzika. Sisi wajukuu tulikuwa tukivipitishia vidole akitusimulia hadithi. Programu iliviona vishimo vile ikavihesabu uchafu wa karatasi, ikavifuta vyote, na pamoja navyo ikamfuta bibi.

Sasa nije kwa fundi wa Kiponda. Ni kijana, miaka thelathini na kitu, mpole, sauti ya chini.

"Shikamoo, bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Aliilaza fremu juu ya kitambaa cheusi bila kuifungua, akashusha taa ndogo ubavuni mwake mpaka mwanga ukawa unatambaa juu ya kioo. Hapo kila kovu la karatasi likajitokeza kwa kivuli chake. Akainama na kioo cha kukuzia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo kwangu mimi peke yake linatosha kumpa kazi zangu zote:

"Bimkubwa, hizi nukta za mashavuni ni za karatasi au za bibi?"

"Za bibi."

"Basi hizo hazinihusu."

Akafungua daftari. Kila picha inayoingia dukani hupata ukurasa wake. Anachora umbo la picha kwa penseli, haraka haraka, na kuweka alama kila penye ugonjwa: hapa mkwaruzo, hapa ukungu, hapa gundi. Pembeni anaandika kitakachotengenezwa na kitakachoachwa, na mwenye picha anatia saini. Ukurasa wangu uliandikwa: "Alama za uso: ziachwe. Maandishi ya kanga: yabaki yalivyo. Mtoto wa pembeni: asikatwe." Hilo la mwisho sikuliwaza mimi, alilileta mwenyewe, kwa sababu alisema wateja wengi hutaka ukingo unyooshwe, na mtu wa pembeni huondoka hivyo hivyo.

Nilidhani kazi ya kwanza itakuwa kuibandua picha kwenye kioo. Alikataa katakata, na sababu yake ni vyema kila mwenye fremu ukutani aijue. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe hazikai ndani ya karatasi, zinakaa juu yake, kwenye utandu mwembamba wa jeletini ambao ndani yake mna chembechembe za fedha. Jeletini inatokana na mifupa na ngozi za wanyama. Hewa ikiwa na unyevu mwingi inalainika, ikikauka inashika chochote kilichoigusa. Ukivuta karatasi, uso wa mtu hubaki kwenye kioo. Kwa hiyo aliiskani vilevile, kupitia kioo, kwa nukta 1,200 kwa inchi, na zile alama za kioo chenyewe akazishughulikia baadaye kwenye kompyuta. Alinionesha pia ule mng'ao wa samawati unaotokea sehemu nyeusi za picha za zamani ukizigeuza kwenye mwanga, ambao mimi siku zote nilikuwa nikiuona kama urembo. Kumbe ni fedha yenyewe, imeathiriwa na unyevu na hewa na kupanda juu ya uso wa picha. Akaniusia kitu kimoja kwa msisitizo: nisithubutu kupangusa picha ya namna hii kwa kitambaa kibichi, hata kama ina vumbi la miaka hamsini.

Ule mkwaruzo wa angani na begani aliuziba vizuri sana. Pande zote mbili za mkwaruzo zimebaki, kwa hiyo kilichokuwa katikati kinajulikana. Madoadoa ya ukungu kwenye magauni yetu ameyaondoa moja moja, kwa mkono, na ukikuza picha utaona nyuzi za kitambaa zinaendelea bila kukatika. Mashavu ya bibi yako kama yalivyokuwa, na sasa, baada ya vumbi la kioo kuondoka, yanaonekana vizuri kuliko nilivyowahi kuyaona ukutani.

Tulibishana kwenye kona ya juu kushoto. Pale ukungu umekula kabisa, hakuna picha tena, na palikuwa na sehemu ya roshani na nguzo za Beit al-Ajaib. Nilimwambia picha za jumba lile ziko tele, achukue nguzo kwenye picha nyingine azipandikize. Akasema anaweza, kazi ya robo saa, lakini hataki kuitia kwenye nakala kuu. "Nikitia nguzo za picha nyingine, kesho mtu atatazama ya kwako aseme siku ile jumba lilikuwa hivi. Na wewe utakuwa shahidi wa kitu ambacho picha yako haikukiona." Akaijaza kona ile kwa kijivu tupu, kinachokaribiana na rangi ya mbingu ili jicho lisikwazike, na mpaka wake unaonekana ukitazama kwa makini.

Sikuridhika pale pale. Nilikwenda nayo nyumbani nikiinung'unikia ile kona. Kilichonibadilisha ni kulifikiria jumba lenyewe. Beit al-Ajaib lilijengwa na Sayyid Barghash, likamalizika 1883. Wakati huo mnara ulisimama mbali nalo, peke yake, mbele ya bahari. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na baadaye ukajengwa mnara mwingine uliobebwa na jumba lenyewe, ndio huu wa kwenye picha yetu. Nao, tarehe 25 Disemba 2020, jumba likiwa katikati ya matengenezo, ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya mbele, na watu wakapoteza maisha. Mpiga picha wa Forodhani alikuwa akitupiga sisi na magauni yetu. Mnara uliingia kwa sababu ulikuwepo. Mnara ule haupo tena, na kila picha ya familia iliyopigwa pale mbele imekuwa ushahidi wa jinsi ulivyokuwa: dirisha gani lilikuwa wapi, plasta ilianza kumeguka upande upi, mwaka gani. Zidisha dirisha moja kwa urembo, na ushahidi ule umekwisha thamani. Kijana wa duka la kwanza alinizidishia safu nzima.

Mji Mkongwe wenyewe umetufundisha hili kwa kuta zake. Nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na anayezipiga plasta ya saruji hupata ukuta mzuri wa mwaka au miwili, kisha unyevu uliofungiwa ndani unakula mawe hadi plasta inaanguka na nusu ya ukuta. Uso wa bibi uliopigwa programu ni plasta ya saruji.

Kuna jambo ambalo fundi alilifanya bila kuombwa, nami nadhani ndilo lililoipa familia yetu faida kubwa kuliko yote. Alifungua mgongo wa fremu. Nyuma ya kadibodi, mgongoni mwa picha, palikuwa na maandishi ya penseli ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua yapo: mkono wa ami yangu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wa rika lake. Majina yetu yote kwa mpangilio tuliosimama, likiwemo jina la yule mtoto wa pembeni, ambaye ni wa jirani na ambaye dada na mimi hatukumkumbuka kabisa. Na chini yake, "Mfunguo Mosi 1385".

Dada yangu amekuwa akishikilia miaka yote kuwa picha ile ni ya kabla ya Mapinduzi. Mimi nikisema ni baada, kwa kuwa kabla yake nilikuwa mdogo mno kusimama vile. Tumelibishania hilo kwenye harusi na kwenye hitima. Mfunguo Mosi wa 1385, yaani Shawwal kwa hesabu ya Hijria, ulianza mwishoni mwa Januari 1966, sikukuu ya Idi ya mwaka ule, miaka miwili baada ya Mapinduzi. Dada alisomewa maandishi yale kwa simu, akanyamaza, kisha akauliza tu kama ami alikuwa ameandika jina lake kwanza au langu. (La kwake. Ndiye mkubwa.)

Fundi huskani migongo ya picha zote kwa bei ile ile. Anasema anayekuja na picha mia moja huwa anajali nyuso mia moja, na nusu ya habari iko nyuma. Na kwa picha mpya anashauri penseli laini, mkono mwepesi, kwenye ukingo wa mgongo, kamwe si kalamu ya wino, maana wino hupenya na siku moja hutokea kwenye paji la uso la mtu.

Wanawake wenzangu watataka kujua habari ya stara, na wana haki. Makabati yetu yamejaa picha za bibi na mama zetu wakiwa ndani, vichwa wazi, kwenye harusi na unyago, picha ambazo hazikukusudiwa macho ya nje. Niliuliza. Kazi za namna hiyo hufanywa na msichana anayesaidia pale, kwenye chumba cha ndani, na kompyuta yake haina intaneti. Kazi ikiisha unakabidhiwa mafaili kwenye flashi yako, na ukitaka yanafutwa mbele yako. Picha za kuonesha ukutani dukani ni za familia ya fundi mwenyewe. Hakuna hata moja ya mteja, wala hazirushwi mitandaoni kujitangaza. Nimeona biashara nyingine zikiwatundika mama za watu kama sampuli, "kabla" na "baada", kwa dunia nzima. Hapa hilo halipo, na kwangu lina uzito kuliko ubora wa mashine.

Ni msichana huyo huyo aliyeishughulikia picha ya pili, ya mama yangu alipokuwa mwari, iliyopigwa studio. Mgongoni ina muhuri wa Capital Art Studio, ile ya Ranchhod Oza, ambaye alifanya kazi kwa A. C. Gomes, mpiga picha wa Kigoa, kabla ya kufungua yake 1930. Picha ni nyeusi na nyeupe, lakini midomo ya mama ni ya waridi na bangili zake ni za dhahabu. Nilitaka waridi ile ipunguzwe kwa kuwa nilidhani karatasi imeota wekundu. Binti akanipa kioo cha kukuzia. Niliona alama za brashi, nyembamba kama nywele, na mahali pamoja brashi imepita mstari wa mdomo kidogo. Rangi ile ilitiwa kwa mkono, studio, mwaka ule ule. Akanieleza kuwa mafundi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kwa wanaolipa zaidi, na kwamba hata kabla ya kuchapa walikuwa wakigusa negativu kwa ncha ya penseli kulainisha mikunjo ya uso na kufuta chunusi.

Hili lilinipa mawazo. Nilikwenda pale nikiamini kuna picha ya kweli ya zamani na uongo wa sasa, kumbe mama yangu alishapambwa tangu siku ya kwanza. Lakini tofauti naiona bado. Fundi wa brashi alimtazama mama, au angalau picha ya mama na si ya mwingine, na mama alikubali. Aliitaka waridi ile, alilipia, akaipeleka kwao Wete ili waione. Rangi ile ni sehemu ya habari zake. Nikiifuta nitakuwa nimemwondolea kitu alichokichagua mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa. Imebaki, hadi pale brashi ilipopita mstari.

Picha za rangi ndiyo sehemu dhaifu ya duka hili, ingawa kosa kubwa si lao. Tulikuwa na albamu ya miaka ya themanini, zile zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika. Gundi imegeuka manjano, plastiki imeshika picha, na picha zenyewe zimekuwa nyekundu zote, mtu, mnazi na bahari. Rangi za picha za wakati ule hazidumu hata zikifichwa gizani, na kwa kawaida ile ya samawati hutangulia kufa, ndipo wekundu unapotawala. Kuirudisha ni kukisia kwa kiasi fulani, na fundi hakuficha. Picha moja ya harusi ya binamu yangu ilirudi na ngozi za watu za kijivu, nikairudisha. Akauliza kama kuna kitu chochote kwenye picha ambacho bado tunacho mkononi. Dada akafungua sanduku lake, akatoa kanga ile ile aliyovaa siku ile, nyekundu na nyeusi, imehifadhiwa na karafuu na haijapauka. Tukaipeleka. Fundi akaitandika chini ya dirisha, akapima rangi yake, akaanzia hapo kurekebisha picha nzima. Kanga ikakaa, na ngozi zikafuata. Zile ambazo hatukuwa na kanga wala shahidi mwingine zimetoka vizuri kiasi, ila sizitolei kiapo.

Kisha likaja ombi la dada. Babu na bibi hawakupigwa picha pamoja hata mara moja. Babu anayo moja tu, ya kipande, ya kitambulisho cha kazi bandarini. Dada akataka babu akae kwenye benchi la Forodhani, karibu na bibi. Babu alifariki kabla ya 1966. Fundi hakumkatalia wala hakumhubiria. Alimuuliza picha itakwenda wapi. Dada akasema kwa wajukuu, Mombasa na Maskati. "Basi watakaokuja baada yao watahesabu kuwa babu alikuwa hai," akasema, na akapendekeza kingine: nyuso zote mbili zichapwe kwa ukubwa mmoja, kwenye karatasi moja, na mstari mwembamba mweupe katikati. Dada alisitasita, akakubali. Mimi nimeipenda sana. Wanatazamana kwa mbali, kila mmoja na wakati wake. Dada bado angependa benchi, na simlaumu. Yeye ndiye aliyemlea bibi uzeeni, na kila alichotaka ni kumpa mwenziwe.

Nasikia fundi huyo huyo hukubali kumwondoa mtu kwenye picha, kwa mfano mtalaka, mteja akisisitiza. Lakini anafanya kwenye nakala tu, na jina la faili analiandika "imebadilishwa". Ile ya awali anakukabidhi nzima. Mimi ningependa akatae kabisa. Yeye anasema akikataa watakwenda kwa asiyeandika kitu. Sina jibu la hilo.

Sasa ile nyota iliyokosekana. Kwanza, muda. Aliniambia wiki, ikawa zaidi ya mwezi. Umeme ulichangia, lakini simu hazikupokelewa pia, na mtu aliyeacha picha ya pekee ya bibi yake mahali anahitaji kupokelewa simu. Pili, mashine yake ya kuskani haichukui kitu kikubwa kuliko karatasi ya A4. Picha kubwa ya ukutani ya babu wa baba yangu aliipiga kwa kamera uani, na kuna mng'aro wa jua upande mmoja ambao haukuondoka wote. Tatu, uchapaji. Printa ni ya kawaida, karatasi ni ya kung'aa tu, na sidhani nakala zile zitafika miaka ishirini kwenye hewa yetu. Chukua mafaili kwake na uchapishe kwingine ukiweza. Nne, hutoi pesa ukapata risiti mpaka uidai.

Bei nilizolipa: kuskani mbele na nyuma shilingi 3,000 kwa picha. Kutengeneza, 20,000 kwa yenye mikwaruzo michache, hadi 60,000 kwa ile ya Forodhani. Wapo watakaoona ghali kwa kuwa simu hufanya bure. Kwa pesa hiyo unapewa mafaili matatu kwa kila picha: ile iliyoskaniwa bila kuguswa, ile iliyotengenezwa, na ndogo ya kutumiana. Ile isiyoguswa ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa sababu siku akija fundi bora kuliko huyu, ataanzia pale. Ukiwatumia jamaa kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, maana ikitumwa kama picha hubanwa na nusu ya kazi uliyoilipia hupotea njiani.

Kitu kimoja zaidi, kwa wenye makabati. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zilizoanzishwa 1956, zina barua za serikali, hati za Kiarabu, kumbukumbu za maofisa na masultani. Sikukuu za wanawake wa Kikwajuni haziko kule kwa wingi. Ziko kwetu, kwenye fremu zilizogandana na albamu zinazonata, na kila masika zinapungua. Kama huna pesa ya kutengeneza, skani tu, mbele na nyuma, mwaka huu. Matengenezo yanaweza kusubiri, karatasi haisubiri.

Fundi hufungua saa tatu asubuhi hadi saa kumi, Ijumaa hufunga saa tano na harudi. Nenda asubuhi, mwanga wa uani ukiwa mzuri. Picha iliyoganda kwenye kioo ipeleke na fremu yake nzima, umeifunga kwenye kanga kavu, na usikubali mtu yeyote aifungue njiani.